Oili inavuja kwa tapeti kava ya Land Rover ya zamani: usikimbilie kukaza nati

Wenye Series III hapa Malindi, haswa zile za petroli za lita 2.25, mnaijua hii hali: umeosha injini Jumamosi, siku mbili tu ubavu wa bloku ushajaa oili na vumbi la barabara ya Sala limegandia juu yake, na ukisimamisha gari unasikia harufu ya oili inaungua kwa ekzosti. Mafundi wengi watakaza nati za tapeti kava (lile bati linalofunika valvu juu ya injini) zaidi ama wapake silikoni nyingi. Mimi naona yote mawili yanaongeza shida, na hapa nawaeleza kwa nini.

Kwanza hakikisha oili inatoka huko juu kweli. Osha injini na mafuta ya taa, ikauke, washa ipate moto, halafu pitisha tambara jeupe chini ya ukingo wa kava pande zote. Nyuma kabisa, karibu na ukuta wa kabini, usiruke, oili ikitokea hapo inateremka hadi chini ya injini mtu akudanganye ni sili ya krenki (shafti kuu ya injini), ushushe giaboksi bure.

Injini ikipoa, fungua zile nati tatu za juu na utoe kava. Zile nati ndo zinashikilia kila kitu, na kava lenyewe ni bati tu, kwa hiyo mtu akikaza kwa nguvu zake zote bati linabonyea pale kwenye nati na ukingo unapinda kama mtumbwi, sasa hata ukiweka gasketi mpya (ile sili ya kati ya kava na hedi, kichwa cha injini) kila mwezi itavuja tu. Weka kava juu ya kipande cha kioo, likicheza limepinda. Linyooshe polepole na nyundo ndogo, ukingo ukiwa juu ya mbao ngumu iliyo sawa, pima tena kwa kioo, rudia mpaka litulie. Hapa usiwe na haraka, kazi yenyewe ndo hii. Kutu ya hewa ya bahari piga msasa, ukingo ukiwa umelika hadi kutoboka tafuta kava ingine.

Kwa vile kuko wazi, pima tapeti kabisa, yaani ule mwanya kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, zote nane, na hesabu ni rahisi: zungusha injini na hendeli mpaka valvu ya 1 ifunguke yote, urekebishe ya 8, ya 2 ikifunguka rekebisha ya 7, yani mbili zijumlike 9 kila mara.

Sasa gasketi. Kwarua ile ya zamani yote, pande zote mbili, lakini ziba mashimo ya hedi na tambara safi vipande visianguke ndani. Ile ya koki (gome laini kama la kizibo cha chupa) haitaki silikoni, silikoni ikizidi inasukumwa ndani, inakatika na kusafiri na oili. Paka gundi kidogo upande wa kava tu, iache ishike, halafu upande wa hedi paka grisi nyembamba, siku ingine kava litoke bila kuchana gasketi. Vile viringi vya mpira (washa) chini ya zile nati badilisha pia, navyo huvuja na watu wanalaumu gasketi.

Kaza na mkono kwanza, ukianza ya katikati, halafu spana robo zamu kila moja mpaka uone koki imebanwa kidogo. Basi, acha hapo.

Kifuniko cha kutilia oili chenye wavu wa kupumulia kioshe na mafuta ya taa ukipulize, kikiziba hewa ya ndani ya injini inasukuma oili itokee popote inapopata upenyo. Ukikifungua injini ikinguruma na moshi unapuliza kwa nguvu, hapo ringi za pistoni zimechoka na gasketi peke yake haitasaidia.

Endesha mpaka Watamu urudi, injini ipoe, ongeza kukaza kidogo sana kama koki imelala, halafu angalia kijiti cha oili kabla ya safari ya mbali.