Siasa Ikichafuka: Namna ya Kushika Imani na Kutokata Tamaa

Uchaguzi mkuu wa Kenya unaokuja umepangwa Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Huku kwetu Likoni, Mombasa, hatungoji siku yenyewe ifike ndipo tuingiwe na hofu. Wasichana ninaowasomesha madrasa ya jioni wameshaanza kuniuliza, "Ustadha, hali ikiharibika tutafanyaje?" Swali hilo halijibiwi kwa kuambiwa "Mungu yupo" halafu darsa likaendelea. Wanajua yupo. Wanataka kujua wao wafanye nini, kwa hivyo nayaandika hapa niwaambiayo, na mengi yanamfaa hata asiyekuwa Mwislamu.

Mimi huanza na Nabii Yaakub katika Sura Yusuf. Mzee yule amempoteza Yusuf, kisha akampoteza mtoto wa pili pia. Qur'ani inasema macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni. Katika hali hiyohiyo, aya ya 87, anawaambia wanawe: nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Tazama mpangilio wake. Analia, na anatuma watu. Amri ya kutokata tamaa imekuja pamoja na safari ya kwenda kutafuta. Basi kila ukimaliza dua juu ya nchi, jiulize dua hii imenituma wapi. Isipokutuma popote, irudie kesho na uulize tena.

Sasa simu, maana hapa ndipo imani za watu wengi zinapomomonyoka. Baada ya swala ya alfajiri usiiguse mpaka umalize adhkari zako za asubuhi na kurasa zako za Qur'ani, hata ikiwa ni ukurasa mmoja. Mkristo naye asome zaburi yake kwanza. Chagua nyakati mbili za habari kwa siku. Mimi husikiliza redio baada ya adhuhuri, na jioni nasoma chombo kimoja cha habari ninachokiamini, kisha basi. Baada ya isha sisomi siasa kabisa, kwa sababu kinachoingia kichwani saa hizo ndicho kinacholala nawe.

Ukiletewa ujumbe wa sauti unaoanza na "nimeambiwa na mtu aliye ndani", uliza mambo matatu: nani ameona kwa macho yake, wapi, na lini. Likikosekana jibu moja, usiusambaze. Sura Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na Mtume (s.a.w.) amesema yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila analolisikia. Sisi wa Likoni tuna sababu yetu ya kuiogopa aya hiyo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, uchaguzi ukiwa miezi michache mbele, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakaiba silaha, kisha wakawageukia majirani zetu wa bara. Kulikuwa na vikaratasi vya kuwataka wahame. Karatasi ile ilihitaji mikono ya kuipitisha, na mikono haikukosekana. Leo kazi hiyo hufanywa kwa kidole kimoja. Kwenye kundi la familia, mjomba akileta jambo la kuchochea, usimgombeze mbele ya watu. Andika, "Nimeona mjomba, tungoje lithibitishwe," halafu mpigie mwenyewe mzungumze.

Wakati ule maelfu ya watu walikimbilia kanisa la Kikatoliki la Likoni wakalala pale nje na watoto. Mama yangu alipika uji, akanifunga leso, akanituma niupeleke. Nilimwambia naogopa. Akanijibu, "Na wao wanaogopa, tena wana njaa." Miongoni mwao alikuwamo mama wa Kikamba tuliyekuwa tukiteka maji naye kisima kimoja. Hilo la kisima ndilo ninalotaka ulishike. Mama aliweza kunituma kwa sababu alikuwa akimjua yule mama kwa jina, na watoto wake kwa majina, kabla ya fujo. Ujirani haujengwi wiki ya kura. Ramadhani peleka futari nyumba ya Mkristo, Krismasi pokea sahani yake kwa furaha, kukiwa na msiba nenda ukae matangani. Pata namba za simu za nyumba zinazokuzunguka, na mkubaliane mapema: kukitokea jambo, watoto wa huyu watalala wapi, na mgonjwa wa yule atatolewa na nani. Mkiyapanga mkiwa mmekaa kibarazani na kahawa, yatawezekana siku ambayo hamtaweza kufikiri.

Upande wa ibada, shikeni kunuti, ile dua inayosomwa ndani ya swala. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunaisoma kila alfajiri, lakini balaa linapoishukia jamii inaruhusiwa kusomwa katika swala zote tano, na Mtume mwenyewe aliisoma mwezi mzima baada ya masahaba zake kuuawa mahali paitwapo Bi'r Ma'una. Muombeni imamu wenu aisome. Mnapoitikia amina, waombeeni waliouawa bila kuuliza kabila wala chama chao. Muombeeni dhalimu pia, aache. Hadithi ya kumsaidia ndugu yako akiwa anadhulumu au anadhulumiwa inaeleza kuwa dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa. Kuna wanaoona kumuombea askari aliyepiga watu ni udhaifu. Mimi naona ndiyo dua inayonizuia nisifanane naye.

Kamati za misikiti zina kazi yao. Mwaka 2021 maaskofu wa Kianglikana na wa Kikatoliki nchini walitangaza kuwazuia wanasiasa kuhutubia katika ibada zao, na sisi tufanye vivyo hivyo. Mwanasiasa akileta tende za futari, apokewe, ashukuriwe, aswali kama wengine. Kipaza sauti asipewe. Akina mama, msiseme hilo ni la wanaume. Andikeni barua kwa kamati.

Wazazi wenye vijana wanaotaka kuandamana, msiwalaani wala msiwafungie ndani. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Keti nao muone ni nani wanakwenda nao, na warudi kabla ya magharibi. Namba ya jamaa iandikwe mkononi kwa kalamu, maana simu huzima au huchukuliwa. Wajue kifungu cha 49: aliyekamatwa anaambiwa sababu, ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili, na anafikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Kisha msomee mwanao dua akiwa anavaa viatu, akusikie.

Wananiuliza sana kuhusu maandamano ya tarehe 25 Juni 2024 ya kupinga mswada wa fedha, kama yalikuwa na maana. Nawaambia mswada uliondolewa kesho yake, na waliopigwa risasi hawakurudi kwao. Nayasema yote mawili pamoja na siongezi kitu. Msichana akilia, mwache alie. Yaakub alilia, naye alikuwa nabii. Lakini usingizi ukimkimbia kwa majuma, chakula kisishuke, au akisema haoni faida ya kuishi, usimwambie imani yake ni haba. Mpeleke kwa mshauri au mpige pamoja namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo.

Siku ya kura yenyewe, swali, piga kura, rudi nyumbani. Matokeo ya urais ya kituo chako hujazwa kwenye Fomu 34A na kubandikwa hapo kituoni, na mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliziweka fomu hizo mtandaoni kila mtu azisome. Nenda kaisome ya kwenu ukiwa na jirani anayeunga mkono upande mwingine. Mombasa tuliwahi kungojeshwa kura ya gavana kutoka tarehe 9 hadi 29 Agosti mwaka huohuo, kwa hivyo kabla ya kura nunua unga na mafuta ya kutosha wiki mbili, ufunge Jumatatu na Alhamisi ukiweza, na madrasa isifungwe ila kukiwa na hatari njiani.

Kwa wiki hii anzeni na mambo mawili. Hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura na kituo chako ni kipi. Halafu bisha hodi kwenye nyumba moja ya mtaa wenu ambayo hujawahi kuingia.