Intaneti Imekatika Nyumbani Ujerumani? Usianze na Kitufe cha Riseti

Mwaka wangu wa kwanza Hamburg, jioni ya Ijumaa, intaneti ilikatika nikiwa katikati ya kujaza fomu ya kuomba kazi. Nikachukua sindano, nikaichomeka kwenye kile kitundu cha riseti nyuma ya ruta, nikahesabu hadi kumi. Taa zikazimika, zikawaka upya, na ruta ikarudi kama ilivyotoka kiwandani: haina jina la mtumiaji wala nywila ya kuingilia kwa mtoa huduma. Hapa Ujerumani taarifa hizo, Zugangsdaten, mara nyingi huletwa kwa barua ya posta unapoanza mkataba. Barua yangu nilishaitupa pamoja na karatasi za matangazo. Nyingine ilinifikia siku ya tano. Na kumbe hitilafu yenyewe ilikuwa ya mtaa mzima, na mafundi waliimaliza usiku uleule wa Ijumaa.

Tangu hapo, mtu akinipigia kwamba ruta yake imekufa, namuuliza kwanza: imekatikia wapi? Njia ina vipande vitatu. Cha kwanza ni kutoka simu yako hadi kwenye ruta, cha pili ni kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, cha tatu ni kutoka kwa mtoa huduma hadi huko unakotaka kufika. Ukishajua kipande, nusu ya kazi imeisha.

Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, zima waifai, kisha andika fritz.box kwenye kivinjari. Nasema hivyo kwa sababu nyumba nyingi huku zina ruta ya FRITZ!Box. Jina hilo lisipofunguka, jaribu 192.168.178.1. Ruta za aina nyingine hutumia zaidi 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.2.1. Nywila ya kuingilia kwa kawaida iko kwenye kibandiko chini ya ruta. Ukurasa ukifunguka, ruta yenyewe i hai. Kama kwa waya intaneti inakwenda vizuri na kwa simu haiendi, shida ni waifai, na hapo mtoa huduma hawezi kukusaidia lolote.

Waifai inasumbuliwa na mambo ya kawaida sana: ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni, kuta nene za majengo ya zamani, na mawimbi ya GHz 2.4 ya majirani wa ghorofa zote yanayogongana. Hamia GHz 5 ukiwa karibu na ruta. Ila kuna jambo moja linalowatia watu hofu bure. Chaneli za GHz 5 kuanzia 52 hadi 140 zinatumiwa pia na rada, na kanuni za Ulaya zinailazimu ruta isikilize kwanza kabla ya kurusha chochote. Kwenye nyingi husikiliza dakika moja. Kwenye zile za rada za hali ya hewa, 120 hadi 128, husikiliza dakika 10. Kwa hiyo ukiizima na kuiwasha ruta, au ikimaliza kujisasisha, mtandao wa GHz 5 unaweza kutoonekana kwa muda wote huo. Chemsha chai. Ukianza kuzima na kuwasha tena, kila mara unaanza kuhesabu upya.

Kipande cha pili, tazama taa. Kwenye FRITZ!Box ya DSL, yaani intaneti inayopita kwenye laini ya simu, taa ya Power/DSL ikitulia ina maana laini imeshika. Ikiendelea kumeta, ruta inaitafuta laini na haijaipata. Hapo kagua ukutani. Waya wa DSL unaingia kwenye soketi ya simu ya ukutani, iitwayo TAE, kwenye tundu lenye herufi F, na kama nyumba ina soketi mbili au tatu, chomeka kwenye ile ya kwanza, mahali laini inapoingilia. Dada mmoja alihangaika wiki mbili na ruta mpya kwa kuwa alichomeka kwenye soketi ya chumbani ambayo haikuunganishwa na kitu chochote. Kama unatumia vile vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, vichomoe ujaribu, maana vinaweza kuivuruga DSL ya kasi. Na usiiache kurasa ya kumbukumbu za matukio, System kisha Ereignisse. Ipige picha, itafsiri kwa simu. Inaandika saa na dakika ya kila mkatiko, na huo ni ushahidi.

Kipande cha tatu ndicho kinachotugusa sisi zaidi. Jumapili ya 12 Mei 2024, Siku ya Mama, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, Tanzania ikiwemo. Huku Ulaya watu walikuwa wanapiga simu nyumbani, haziendi, wakaanza kuzigeukia ruta zao. Kama tovuti za hapa zinafunguka na simu ya kwenda Tanga haishiki, usiguse kitu. Na kama hakuna tovuti inayofunguka ilhali taa zote ziko sawa, fungua dirisha la amri uandike ping 1.1.1.1. Ikijibu, njia ipo. Kinachokwama ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Badilisha DNS kwenye ruta uweke 1.1.1.1 au 9.9.9.9.

Sasa faimuwea, yaani programu inayoiendesha ruta kutoka ndani. Isasishe, tena bila uvivu. Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipoteza huduma baada ya ruta zao kulemewa na mashambulizi ya programu hasidi ya jamii ya Mirai. Waliambiwa wachomoe umeme, wangoje, wawashe tena ili ruta ijipakulie faimuwea mpya. Ruta ya kukodi husasishwa na mtoa huduma. Lakini tangu 1 Agosti 2016 sheria inakuruhusu kutumia ruta yako mwenyewe, na ukinunua ya kwako, kazi hiyo ni yako.

Kabla ya kusasisha, hifadhi mipangilio kwenye faili, kwenye FRITZ!Box ni System, Sicherung. Pakua faimuwea kwa mtengenezaji tu, na usome kibandiko: ruta mbili za jina moja zenye V1 na V3 zinaweza kuwa tofauti kabisa ndani, na faimuwea ya moja ikaiua nyingine. Tumia waya. Ikishaanza, usiguse umeme hata ukiona imenyamaza. Ipe nusu saa. Na usifanye usiku wa kuamkia usaili. Ikigoma kuwaka, FRITZ!Box nyingi zina programu ya uokoaji kutoka kwa mtengenezaji, ya Windows, inayofuta mipangilio yote. Hapo ndipo lile faili linapokufaa.

Kama hitilafu ni ya laini, mpigie mtoa huduma useme: „Ich möchte eine Störung melden,“ yaani nataka kuripoti hitilafu. Omba Ticketnummer, namba ya tiketi, andika siku na saa. Sheria iliyoanza 1 Desemba 2021 inakupa fidia huduma ikikatika kabisa na hujasababisha wewe. Isipotengenezwa ndani ya siku mbili baada ya taarifa yako kupokelewa, siku ya tatu na ya nne unadai kwa kila siku euro 5 au asilimia 10 ya ada ya mwezi, kiasi kilicho kikubwa. Kuanzia siku ya tano ni euro 10 au asilimia 20 kwa kila siku. Fundi asipotokea siku mliyokubaliana, ni euro 10 au asilimia 20 pia. Usingoje wakuletee wenyewe. Waandikie, uweke namba ya tiketi na zile picha za Ereignisse.