Ishi na sera ya TEHAMA chuoni bila kujiletea kesi

Ukifika mwaka wa kwanza unapewa namba ya usajili na paswadi ya mfumo wa wanafunzi, halafu kuna pahala unatiki kwamba umekubali sera ya matumizi ya TEHAMA, na wengi wanatiki bila kusoma hata mstari. Sasa siku ukiitwa kamati ya nidhamu, ile sera ndo itakayofunguliwa mezani, kwa hiyo itafute leo kwenye tovuti ya chuo, au ulizia kitengo cha TEHAMA. Usihangaike kuikariri. Nenda moja kwa moja kwenye yaliyokatazwa, adhabu zake, na pale panaposema chuo kinaruhusiwa kuangalia nini.

Kubwa kuliko yote ni akaunti yako. Sera nyingi zinasema kinachofanyika kwa akaunti yako umekifanya wewe, na hapa ndo watu wanaumia, maana kipindi cha kusajili kozi mtandao unasumbua, basi darasa zima linamtumia CR (kiongozi wa darasa) paswadi kwenye grupu la WhatsApp ili awasajilie. Jamani acheni hii kitu! Kozi ikifutwa, au barua pepe ya matusi ikienda kwa mwalimu, mfumo umeandika jina lako na saa, CR hayumo. Kama umekwama, kaa naye pembeni akuelekeze, ila paswadi andika mwenyewe. Steshenari nako hivyohivyo, asaimenti ipeleke kwenye flashi badala ya kufungua barua pepe kwenye kompyuta yao, na ikibidi kufungua basi kataa kivinjari kisihifadhi paswadi na utoke kwenye akaunti kabla hujanyanyuka. Na mtu wa TEHAMA wa kweli hana sababu ya kukuomba paswadi, ukiona ujumbe kwamba barua pepe yako imejaa na uweke paswadi hapa, huyo ni mwizi.

Kuingia akaunti ya mshkaji "kucheki tu matokeo" nako watu wanachukulia poa, wakati ni jinai kabisa. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya sheria yao ya 2018 inaweka faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 3 kwa kuingia mfumo bila ruhusa. Ukifeli mtihani utafanya sapu, yaani wa marudio, hii haina sapu.

Kudaunlodi muvi kwa torenti kunakula intaneti ya wote, hilo linaeleweka. Lisilojulikana sana ni majarida ya maktaba. Soma unachohitaji, usiweke programu ya kuvuta makala kwa maelfu, kwa sababu mwenye majarida akishtuka anaweza kufungia chuo kizima. Ilitokea Marekani mwaka 2010, mwanaprogramu Aaron Swartz alivuta makala nyingi mno za JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, kupitia mtandao wa chuo cha MIT, JSTOR wakakifungia chuo kwa siku kadhaa, watafiti wasiohusika wakakosa.

VPN, yaani programu ya kupitisha intaneti yako kwa njia ya siri, cheki mara mbili, sera ya chuo kwanza halafu nchi, maana Tanzania TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaozitumia watoe taarifa.

Kama chuo chenu kina eduroam, yaani waifai inayoshirikiwa na vyuo vingi, ukisafiri kwenda chuo kingine chenye nayo unaingia kwa akaunti ya kwenu, ila unabanwa na sheria za kwenu na za mwenyeji pia. Paswadi yake inawekwa kwenye mipangilio ya waifai ya simu, haiji kwenye ukurasa wa kivinjari, ukiona ukurasa unakuomba paswadi ya eduroam funga.

Kuhusu kuonwa, ukiwa na simu yako kwenye waifai ya chuo kwa kawaida wanaweza kuona tovuti ulizotembelea, meseji zako za WhatsApp hawazisomi. Kompyuta na barua pepe ya chuo ni mali yao, mambo ya nyumbani na ya bumu (hela ya mkopo wa masomo) peleka kwenye barua pepe yako binafsi.

Na ukihisi umeingiliwa usikae kimya kwa aibu. Badili paswadi saa hiyohiyo, kisha waandikie kitengo cha TEHAMA kwa barua pepe, taja saa uliyogundua na ulichokiona, piga picha ya skrini, nakala baki nayo.