SOMO: Kusoma mhuri wa mtengenezaji kwenye beji na nishani za Ujerumani, 1933–1945

Naandika mara moja tu. Atakayenitumia tena picha ya mbele na swali la "ni orijino?" nitamrudisha hapa. Geuza beji, habari iko nyuma.

1. Tafuta lenzi ya kukuza mara kumi. Taa imulike kutoka ubavuni, si kutoka juu.

2. Usisafishe. Uchafu uliolala ndani ya mhuri ni ushahidi.

3. Jua mhuri ni wa mfumo gani. RZM (ofisi ya chama iliyosimamia vifaa vyake) pamoja na namba inayoanza na M1/ ni beji za NSDAP, chama cha Nazi. L/ na namba ni nishani za kuuzwa madukani. Namba tupu ni za nishani zilizotolewa rasmi. Kiwanda kimoja kinaweza kuwa na zote mbili: Wilhelm Deumer wa Lüdenscheid ni L/11 na pia 3. Na ziko halisi nyingi zisizo na mhuri wowote.

4. Linganisha mhuri na tarehe. Hapa ndipo nilipolizwa. Niliuziwa Msalaba wa Chuma Daraja la Kwanza pamoja na hati yake ya Juni 1940, muuzaji akiapa kwamba ndio huohuo aliovishwa askari siku ile. Kwenye pini pana L/12. Nikafungua orodha ya namba za watengenezaji: C. E. Juncker, Berlin. Moyo ukatulia, nikalipa bei ya vyote viwili. Sikujiuliza namba hizo zilianza lini. LDO, umoja wa watengenezaji uliogawa namba za L/, uliundwa 1941! Msalaba ni mzuri hadi leo, lakini hadithi niliyoilipia ilikuwa ya kupachikwa. Kwa hiyo, namba kuwepo kwenye orodha hakujakuambia lolote bado. Uliza mwaka. Uliza na madini: beji nyingi za mwanzo ni za shaba nyeupe au tombaki (shaba iliyochanganywa na zinki kidogo), zinki ikatawala vita ilipokolea. Na ukikuta "hati na nishani pamoja", vikague kimoja kimoja kana kwamba havijuani.

5. Mhuri umegongwa au umesubiwa? Uliogongwa una kingo kali na sakafu safi. Uliosubiwa una namba nene, kama zimeandikwa kwenye unga uliokandwa, na vitobo vidogo pembeni. Madini yaliyosubiwa hunywea yakipoa, basi pima: nakala mara nyingi hupungua kidogo.

6. Linganisha bawaba, pini na ndoano na kipande halisi cha kiwanda hichohicho.

MASWALI

Mgeni77: Mkuu, yangu haina mhuri. Feki?
— Hatua ya 3, sentensi ya mwisho.

Mgeni77: Lakini jamaa kasema ni ya babu yake.
— Babu hagongwi mhuri. Lete picha ya nyuma.

Kingo Kali: Orodha za namba zimejaa mtandaoni, somo refu hivi la nini?
— Waghushi nao wanazisoma. Ndiyo maana namba feki karibu zote ni "sahihi". Kama orodha inakutosha, nunua.

Bi Lenzi: Samahani, basi L/ ikikutana na hati ya kabla ya 1941 ni udanganyifu moja kwa moja?
— Swali zuri, dada. Hapana. Askari aliruhusiwa kujinunulia nyingine dukani, akaivaa hiyo, na ile aliyokabidhiwa akaiweka. Kwa hiyo vinaweza kutoka nyumba moja kabisa. Kinachoanguka ni kauli ya "ndio huohuo aliovishwa", na bei lazima ianguke nayo.

Chuma Chakavu: Sumaku haishiki msalaba wangu. Nitupe?
— Usitupe! Kiini cha kawaida ni chuma, ila halisi zenye kiini cha shaba au zinki zipo. Tazama ungio la fremu: halisi kwa kawaida ni vipande vitatu, kiini katikati ya kipande cha mbele na cha nyuma. Kikiwa kipande kimoja kilichopakwa rangi nyeusi, hapo sawa, tupa.

Bi Lenzi: Na zisizo na swastika?
— Sheria ya Ujerumani Magharibi ya 1957 iliruhusu maveterani kuvaa nishani zao bila swastika, na viwanda vya zamani kama Steinhauer & Lück vikazitengeneza. Si feki. Ila usizilipie bei ya wakati wa vita.

Mgeni77: Nimeisafisha kwa siki, sasa mhuri unaonekana vizuri.
— Hatua ya 2.