Ukitaka kumsemea mkimbizi ama mwanajeshi aliyetoka vitani, anza na daftari

Watu wengi wakiskia jirani yao ni mkimbizi kutoka Goma ama Bukavu, kule Kivu mashariki mwa Kongo, na makaratasi yake yamekwama, kitu ya kwanza wanafanya ni kupiga picha na kuposti. Hata mimi nilifanya hivyo zamani, niliweka sura ya jamaa kwenye grupu ya WhatsApp nikiomba msaada, na jioni hiyo hiyo akanipigia anauliza nimefuta ama bado, juu mtu wa kwao ashaiona na imeshafika nyumbani kwa watu alikuwa anawakimbia. Nilifuta lakini picha ikishatoka imetoka. Siku hizi naanza na daftari, na hapa nitaelezea vile nafanya Nairobi nikiwa mkalimani wa kujitolea wa Wakongomani. Kwingine ofisi ni tofauti lakini kazi ni ile ile.

Kwanza muulize anataka nini. Usicheke, watu wanaruka hapa. Unaweza kumpigania mtu miezi sita apelekwe Ulaya na yeye shida yake ilikuwa mtoto akubaliwe shule. Muulize pia ni nani anaruhusiwa kusoma utakachoandika, na akisema hapana kwa kitu fulani basi ni hapana, hata kama unaona hicho ndio kingesaidia.

Halafu kaa naye sehemu hakuna masikio, sio kinyozi sio kibandani, na uandike maneno yake vile anayasema. Usimrekebishe Kiswahili. Hii nimejifunza vibaya. Mama mmoja alisema "balinikamata ku nguvu," na kwenye maelezo yake mkalimani aliyekuwepo ofisini akaandika alikamatwa kwa nguvu, yaani kama mtu aliyewekwa ndani na polisi. Kumbe kwa Kiswahili cha Kivu alikuwa anasema alibakwa. Faili ikatembea hivyo karibu mwaka mzima, na alipokuja kueleza vizuri akaulizwa mbona anabadilisha stori. Kwa hivyo ukikutana na neno lenye huna uhakika nalo, uliza, "mama, hapo unamaanisha nini?", kisha andika neno lake na maana yake kando.

Tarehe ndio zinaua kesi nyingi. Mtu aliyekimbia usiku na watoto hakumbuki ilikuwa tarehe ngapi, anakumbuka tukio, sasa kazi yako ni kujua tukio gani. Akikwambia "Goma ilipoanguka" usiandike tu, juu Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 Novemba 2012 na ikachukuliwa tena mwisho wa Januari 2025. Bukavu hivyo hivyo, kuna Juni 2004 wakati wa makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi, na kuna Februari 2025. Hata volkano, mlima Nyiragongo karibu na Goma ulilipuka Januari 2002 na ukalipuka tena Mei 2021. Muulize mtoto wake alikuwa anatembea ama bado yuko mgongoni, shule zilikuwa zimefunguliwa, walikuwa wanavuna nini. Ukikosa siku andika mwezi, ukikosa mwezi andika "kabla ya Krismasi" na uache hivyo. Tarehe ya kubahatisha ni mbaya kuliko kukosa tarehe, juu kwenye intavyuu ya pili hataikumbuka na ataonekana mwongo.

Na usimruhusu mtu akuongezee chumvi, wala wewe usimwekee. Wengi wanadhani kusema tu "nilikimbia mabomu" haitoshi lazima useme ulitafutwa kwa jina. Si kweli. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unaangalia mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, taifa, siasa ama kundi lake, lakini mkataba wa wakimbizi wa OAU, ule umoja wa zamani wa nchi za Afrika, wa 1969 uliongeza pia mtu aliyekimbia uvamizi, kukaliwa kimabavu ama fujo kubwa iliyovuruga nchi yake, na sheria ya wakimbizi ya Kenya ya 2021 inabeba hizo maana zote mbili. Ukweli wake mkavu mara nyingi unatosha kabisa.

Sasa barua. Ukurasa mmoja, jambo moja. Jina, nambari ya faili, alisajiliwa lini, alienda ofisi tarehe gani na akaambiwa nini, kisha ombi: "Naomba nipewe tarehe ya intavyuu." Basi. Ukichanganya intavyuu, kodi ya nyumba, dawa ya presha na ndugu aliyeko Kampala kwenye barua moja, kila ofisi itasema sio yangu. Kwa Kenya usajili na maamuzi ni ya serikali kupitia DRS, idara ya huduma za wakimbizi, UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, wanasaidia upande wa ulinzi, na kama ni kesi ya sheria, mtu amekataliwa ama ameshikwa, tafuta mapema mawakili wa Kituo cha Sheria ama RCK (Refugee Consortium of Kenya), mashirika ya kusaidia watu kisheria. Barua ya kukataliwa ina siku za kukata rufaa na zinahesabiwa, usikae nayo kwa begi wiki tatu ukingoja pasta arudi safari. Peleka kopi mbili, moja ibaki ofisini na moja igongwe muhuri urudi nayo. Andika kwenye daftari umeipeleka siku gani na nani aliipokea.

Na huduma hizi hazilipiwi! Mtu akitaka elfu kumi "ya kusukuma faili" huyo ni broka, hata kama amevaa kadi shingoni.

Kwa upande wa wanajeshi watu wanaogopa, na naelewa. Unamsaidia mtu na siku moja anakwambia polepole kwamba alikuwa FARDC, yaani jeshi la Kongo, ama alibebeshwa bunduki msituni akiwa na miaka kumi na nne. Cha kwanza, usimwambie afiche. Kuwa mwanajeshi peke yake hakumfungii mtu mlango, kinachofunga ni kama bado ni mpiganaji, ama kama alifanya uhalifu wa kivita, na hiyo ofisi itauliza yenyewe. Akificha halafu ijulikane, hata ile sehemu ya kweli haiaminiki tena. Andika kikosi chake, alikuwa na cheo gani, aliweka silaha chini lini na wapi, na kwa nini. Aliyebebwa akiwa mtoto, umri wake wakati huo uandikwe juu kabisa ya ukurasa.

Kwa aliyetoroka FARDC kuna kitu lazima kiingie kwa faili. Machi 2024 Kongo ilirudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo, ikiwa imesimamisha kwa miaka zaidi ya 20, na mwaka huo huo mahakama za kijeshi Kivu Kaskazini zikahukumu wanajeshi kifo kwa kumkimbia adui. Kwa hivyo mtu wa namna hii akisema "nikirudishwa nitauawa" anaongea kitu chenye kiko kwenye rekodi, na wewe mwenye kuandika ndio unafaa kukiweka.

Usisahau pia wale waliobaki nyumbani. Baada ya kambi ya KDF, jeshi la Kenya, ya El Adde kule Somalia kushambuliwa Januari 15, 2016, kuna familia hapa Kenya zilikaa bila kujua mtu wao yuko hai ama la, na mke wa mwanajeshi hajui aanzie wapi kuuliza. Yeye pia mfungulie ukurasa: nambari ya kazi, kikosi, simu ya mwisho ilipigwa lini na alisema nini. Aulize jeshi kwa maandishi, asiulize kwa mdomo getini. Kama mtu amepotea vitani, awe raia ama askari, nenda Msalaba Mwekundu uulizie kitengo cha kutafuta ndugu waliopotezana, ni bure, na wanaweza kubeba barua fupi mpaka kambini ama hata jela. Hiyo barua inaachwa wazi na ni ya habari za nyumbani tu. Andika "mtoto amezaliwa, mama anaendelea vizuri," usiandike nani anashikilia barabara ya Sake, ule mji karibu na Goma, haitabebwa.

Na kama ni serikali inashukiwa ndio ilimchukua, kuna kikundi cha UN cha watu waliopotezwa, kiko Geneva, familia inaweza kukiandikia hata kabla ya kumaliza mahakama za hapa.

Mwisho wa kila kikao msomee yote uliyoandika, polepole, kwa Kiswahili chake. Atakusimamisha mahali mbili tatu, hapo ndio urekebishe kwa kalamu nyingine ili ionekane. Kopi moja abaki nayo yeye. Yako weka mahali watoto hawafiki, bila jina juu ya jalada. Langu nimeliandika "Hesabu za maziwa".