Kigeuze kwanza kabla ya kulipa

Kichwa cha treni cha modeli cha zamani kikikuvutia kwa rangi, kigeuze utazame chini. Baadhi ya vile vya miaka ya 1930, vilivyosubiwa kwa aloi ya zinki yenye uchafu wa risasi, huoza kutoka ndani: fremu huvimba, hupinda, hufanya nyufa kama tope lililokauka. Hakuna dawa, na gundi ni kujidanganya tu.

Vya baadaye vyenye gia za plastiki vina ugonjwa wao, gia kupasuka pale inapobana ekseli. Mwombe muuzaji akiendeshe polepole kabisa. Ukisikia “tak” kila gurudumu linapomaliza mzunguko, mara nyingi ni hiyo. Gia hubadilishwa, kwa hiyo omba punguzo. Fremu iliyovimba? Mrudishie.