Ajira imetoka baada ya miaka tisa, fanya hivi kabla hela haijapotea na watoto hawajakusahau

Nilimaliza chuo 2016, ualimu, Historia na Kiswahili, yaani lile kundi ambalo ukisema umesomea nini watu wanakuangalia kwa huruma mana wanajua wa sayansi ndo wanaitwa kwanza. Kilichofata wengi mnakijua, tuisheni za mtaani, kukaa kwenye stesheneri ya mtu, msimu wa mpunga naenda Kilombero, ajira za walimu zikitangazwa natuma, majina yakitoka simo. Usaili wa walimu wa Sekretarieti ya Ajira ulipoanza nikaenda na huko, mchujo nikapita, mahojiano nikatoka najua nimeharibu. Halafu usiku mmoja saa tano PDF ya kuitwa kazini ikaingia kwenye simu, kurasa kibao, nalitafuta jina huku kioo cha simu kimepasuka pale pale kwenye herufi ninazozitaka, nikaliona, nikazima simu nikawasha tena nikaliona tena. Barua inasema Halmashauri ya Wilaya ya Nkasi, Rukwa. Mimi naishi Morogoro na mke na watoto wawili.

Namna ya kupata kazi wameshaandika watu wengi, mimi nakuandikia wewe ambaye umeitwa wiki hii na hujui uanze wapi.

Usiku huo usitangaze. Sio mambo ya uchawi, amini unavyoamini, ila mtaani ukishasikika umeajiriwa kila mtu anahesabu umeshalipwa, na wewe bado miezi kadhaa hujashika hata mia ya serikali. Mwambie mwenzako, mwambie mama yako, na mwambie yule unayedaiwa naye hela nyingi, huyu wa tatu watu wanamkwepa lakini ndo wa muhimu, mana akisikia kwa watu atakuja mlangoni, akisikia kwako anakuongeza muda. Mimi nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi minne. Nikamwonyesha mwenye nyumba barua, akaisoma yote mpaka muhuri, akasema "haya mwalimu". Miaka yote hiyo hajawahi kuniita mwalimu.

Kesho yake asubuhi ni makaratasi. Vyeti halisi vyote kuanzia cha kidato cha nne mpaka chuo, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha za pasipoti, kopi zilizogongwa muhuri na wakili au hakimu, na fomu ya afya ukapimwe hospitali ya serikali. Panga kila kitu kwenye faili gumu sio bahasha ya kaki, safari ndefu hizi bahasha inafika imekunjamana kama imetoka kufunga vitumbua. Sasa kitu kinachowaangusha watu ni majina. Cheti kinasema majina mawili, NIDA inasema matatu, cheti cha kuzaliwa jina la babu limeandikwa kwa H badala ya A, na wewe umeishi nalo miaka yote hujali. Kaa chini soma herufi kwa herufi, ukikuta tofauti nenda kwa wakili ukashughulikie hati ya kiapo ukiwa kwenu, usisubiri ukaambiwe mbele ya meza ya afisa utumishi kilometa mia kadhaa kutoka nyumbani. Na akaunti ya benki, kama ile ya chuo ilishalala, kaiamshe au fungua mpya, jina liwe lile lile.

Barua ina siku za kuripoti, ziheshimu kama dawa. Ukichelewa nafasi anapewa mwingine na kuna watu wanaisubiri kama ulivyokuwa unaisubiri wewe.

Hela ya kuanzia ndo pagumu. Piga hesabu ya nauli, chumba, godoro, sufuria mbili, jiko, na chakula cha miezi mitatu kwako NA kwa unaowaacha nyumbani, usijidanganye na mwezi mmoja. Mana utaratibu uko hivi, ukifika unajazwa fomu, unaingizwa kwenye mfumo wa mishahara, ukichelewa kuingizwa mwezi huo unasubiri unaofata, na karatasi ikikosekana unarudi nyuma tena. Hela haipotei, siku ulizofanya kazi zinakuja baadae kama malimbikizo, ila tumbo halijui malimbikizo. Kuna posho ya kujikimu ya mwajiriwa mpya, ulizia mapema, tunza tiketi zote, lakini usiiweke kwenye bajeti mpaka uione kwenye simu.

Mimi nilikopa kwa binamu, na tuliandikishana. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, usiguse. Najua wapo wanaokuja wenyewe wanakwambia leta barua tu na kitambulisho, riba yake kwa mwezi ni kichekesho, na wengine wanashikilia kadi yako ya benki. Kuna mwenzangu tulioripoti naye mshahara wake wa kwanza aliuona kwenye meseji tu, alipofika kwenye mashine ulishatolewa. Alikaa kimya siku mbili tukadhani amefiwa.

Twende kwenye makato sasa, mana hapa ndo ndoa zinagombana. Umemwambia mwenzako mshahara ni laki nane, yeye anapanga laki nane. Chukulia kweli mshahara wako ni 800,000. PSSSF, yaani mfuko wa hifadhi wa watumishi wa umma, wanakata asilimia 5, hiyo 40,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Bodi ya mikopo kama ulisomeshwa nayo asilimia 15, hiyo 120,000 nzima, na hii ndo inaumaga kuliko zote. Kodi ya mapato wanahesabu baada ya kutoa mfuko wa hifadhi, kwaiyo wanaangalia 760,000, ile 270,000 ya kwanza haikatwi, inayofata mpaka 520,000 ni asilimia 8 unapata 20,000, iliyobaki mpaka 760,000 ni asilimia 20 unapata 48,000, jumla 68,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 16,000. Jumlisha yote ni 268,000, unabaki na 532,000. Fanya hesabu hii na mwenzako kwenye daftari kabla mshahara haujaingia, na ukiingia mwonyeshe slip ya mshahara. Mimi nilimwonyesha mama watoto akanyamaza kidogo akasema "kumbe huyu bodi ndo mke mkubwa".

Halafu watakuja maafisa mikopo wa benki, wamevaa vizuri, wana kalamu za kugawa, watakwambia unaweza kupata milioni kadhaa mpaka ibaki theluthi ya mshahara. Theluthi ya laki nane ni kama 266,000, jiulize ndo uishi nayo miaka sita kwa sababu ya pikipiki na subwufa. Mi naona mwaka wa kwanza usikope, uko kwenye matazamio ya miezi 12, hujathibitishwa, hujajua hata panya wa hicho chumba unachokaa. Wengine watasema kiwanja kinapanda bei. Acha kipande tu.

Mshahara wa kwanza mara nyingi unakuja na malimbikizo, unaonekana mkubwa, usiuzoee. Kwetu mshahara wa kwanza ni wa mzazi na sipingi, ila nilifanya hivi, mama nilimpelekea doti ya kitenge na sukari kilo tano, halafu nikampigia nikamwambia kila mwezi nitatuma 40,000 bila kukosa. Kwanza alinuna, jirani yake mtoto wake alituma mshahara wote. Mwezi wa nne akanipigia mwenyewe, yule wa jirani hajatuma tena. Ndugu wengine weka kiasi kimoja cha mwezi cha misiba, harusi na "naumwa", kikiisha kimeisha, sema kimeisha, usianze kutunga hadithi mana utaisahau.

Sasa familia. Mimi sikwenda nao mara moja, niliondoka peke yangu. Basi Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, kisha gari lingine mpaka Namanyere ndo ziliko ofisi za halmashauri, na ile baridi ya Ufipa nilishuka na shati la mikono mifupi kama mtu wa Dar. Nilikaa muhula mmoja nikitafuta nyumba, naangalia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, shule ya msingi iko umbali gani, zahanati iko wapi. Nakushauri na wewe hivyo hivyo, kama inawezekana tangulia, ila usizidishe muhula. Nimeona walimu wamekaa miaka mitano mke yuko mkoa mwingine, wanakutana likizo kama wageni, wanaanza kupeana salamu.

Na kabla hujasema "njooni" muulize mwenzako anaacha nini. Mama watoto alikuwa na genge, nyanya, vitunguu, mkaa wa kupima, na hilo genge ndo lilitulisha miaka ambayo mimi nilikuwa natuma maombi. Nilipompigia kwa furaha nimepata nyumba vyumba viwili, akaniuliza, "Na mimi huko nakuja kuwa mke wa mwalimu tu?" Sikuwa na jibu. Nilijibu wiki iliyofata, kwamba katika malimbikizo 300,000 ni mtaji wake, sio zawadi, ni deni la miaka ile. Alipokuja alizunguka sokoni wiki mbili haongei, anaangalia tu, halafu akaanza maandazi asubuhi na samaki wa migebuka jioni, anachukua kwa wanaoleta kutoka ziwani. Sasa hivi kuna siku ananikopesha nauli.

Uhamisho wa mtoto shule anza mapema, kupitia mwalimu mkuu wa shule anayotoka, na uwe na namba yake ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi. Bima ya afya nayo, siku ile ile unayojaza zako waandikishe mwenza na watoto, usiseme nitarudi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cha ndoa viwe kwenye lile faili gumu.

Kuna kitu kimoja sikukitegemea. Miaka ile tisa mimi ndo nilikuwa nyumbani. Mama watoto anatoka alfajiri kufata mboga, mimi nakoroga uji, naogesha, nafunga kamba za viatu, napeleka shule, nafua sare. Niliona aibu sana, baba mzima mtaani saa nne asubuhi kabeba beseni. Kumbe watoto hawakuwa wanaona aibu, wao ndo baba waliyemjua. Kazi ikaja, nikawa naondoka giza halijaisha, narudi na madaftari themanini ya kusahihisha, simu inalia magrupu ya kazini mpaka saa tatu usiku, na mwezi wa pili tu tangu wanifate yule mdogo akamuuliza mama yake baba atarudi lini kutokuwa na kazi. Niliposimuliwa nilicheka lakini usingizi sikupata.

Kwaiyo fanya hivi. Chagua kazi moja ya nyumbani uliyokuwa unaifanya ulipokuwa huna ajira, moja tu, na usimwachie mtu. Sio "nitakuwa natenga muda na familia", hiyo ni maneno, chagua kazi yenye saa yake. Mimi nilichagua uji. Naamka saa kumi na nusu badala ya kumi na moja, naukoroga, wanakunywa nikiwepo, ndo natoka. Madaftari nasahihisha shuleni mpaka saa kumi, yakibaki nayabeba lakini yanasahihishwa mezani watoto wakiwa hapo hapo na wao na yao, mkubwa nampa ya kuhesabu maksi, anakosea, narudia. Simu ya kazini saa moja jioni inaenda juu ya kabati. Mkuu wa shule akiwa na dharura ya kweli atapiga, hatatuma picha ya ratiba.

Siku ya mshahara, tarehe ishirini na kitu, tunachinja kuku au tunakula chipsi mayai na soda, uwezo ukiwa mdogo chipsi kavu, ila hiyo siku haipiti kimya. Tulishawahi kwenda Kipili mara moja kuona ziwa, Jumamosi, watoto wakashinda majini mpaka midomo ikabadilika rangi, tukala samaki wa kukaanga tumekaa juu ya jiwe. Mama watoto alikuwa anapiga hesabu ya bei za samaki muda wote.

Kama na wewe utachagua uji, unga wa mahindi changanya na ulezi kidogo, koroga na maji baridi kwanza usije ukafanya mabonge, maziwa weka ukishaepua. Sukari vijiko viwili, mdogo atakuambia mama huwa anaweka vitatu, ni muongo.